Dakika Mia Tatu

Jumanne, 4 Machi

Zimebaki siku nane. Leo nimezunguka maduka matatu ya simu, mwanangu Kifaranga mgongoni, na bado sijapata kitu. Kila duka swali ni lile lile: msafiri anaongea sana au kidogo? Nawaambia haongei kabisa. Mume wangu ni kiziwi. Wananitazama kama nimewatania.

Msichana wa duka la tatu, yule wa kucha ndefu, akaniuliza sasa simu ya nini. Ya mikono, nikamwambia. Ya video. Anatembea kwa miguu nchi mbili, siku ishirini na nne, milimani, yeye na wenzake wanane wa chama chao cha viziwi. Jioni akifika kambini tuonane, tuongee kwa alama. Basi. Sitaki dakika, nataka intaneti.

Akanipa karatasi ya vifurushi. Mbele kote dakika. Intaneti iko nyuma, maandishi ya sisimizi.

Mgongo unauma. Kifaranga kanilowesha mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Njia ni tatu, nimezipima zote. Kununua laini kule kule — kila mpaka usajili upya, na nani atamsemea dirishani? Laini isiyo na kadi, ile inayoingia ndani ya simu yenyewe — simu yake ya zamani haiijui. Au laini yake hii hii ya nyumbani, ifunguliwe itumike nje ya nchi, tuweke kifurushi cha intaneti juu yake. Nimeamua ya tatu.

Yeye anasema najisumbua. Mdomo umejaa misumari na bado anaongea — raha ya kuolewa na seremala kiziwi. Milima haijali laini, anasema.

Milima haijali. Mimi najali. Mtu asiyesikia jiwe likiporomoka nyuma yake anataka mimi nilale usingizi?

Tukagombana. Kugombana kwetu ni rahisi: ukimpa mgongo, maneno yameisha. Nikampa mgongo. Nikahesabu mpaka thelathini, nikageuka. Yupo palepale, mikono chini, ananingoja.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefanya majaribio. Mimi mlangoni na simu yangu, yeye na yake anatembea hadi mwisho wa mtaa, nyuma ya ghala, hadi bondeni. Huku tunaongea kwa video. Mtandao ukiwa mzuri namwona hadi vumbi la mbao kwenye nyusi. Bondeni mkono ukaganda hewani kama wa sanamu. Nikaona "njoo" au "nenda"? Sikujua. Kwa alama, ukikatiwa vidole viwili umekatiwa sentensi nzima.

Majirani wanachungulia. Mmoja akauliza kama tunapiga picha za harusi tena.

Nimeandika kila kitu kwenye karatasi: jina la kifurushi, siku thelathini, nchi mbili, INTANETI, nimepiga mstari chini mara mbili.

Jumanne, 11 Machi

Bosi hakunipa ruhusa. Sare za shule mia moja na sitini, shule zinafunguliwa, hakuna mtu kutoka kwenye cherehani. Shemeji akajitolea kwenda dukani na laini ya mdogo wake. Nikampa karatasi. Akaikunja bila kuisoma, akanitania: "Shemeji, mimi huyu nimeanza kumsemea hata hujazaliwa." Kweli. Tangu utoto, hospitali, shuleni, hata siku ya kunichumbia, mdomo ulikuwa wa kaka mtu.

Jioni amerudi. Kila kitu tayari, anasema. Nilikuwa nambadilisha Kifaranga, mikono michafu. Sikuangalia.

Jumatano, 12 Machi

Ameondoka. Kituoni walikuwa tisa wanaaga kwa mikono, basi zima likawatazama. Kumi na kiongozi wa msafara — huyo peke yake ndiye anayesikia. Kijana mpole, kanipa namba yake.

Kifaranga hakulia. Mimi nimelia chooni kazini, kidogo, nikarudi kwenye kola.

Ijumaa, 14 Machi

Wamevuka mpaka. Nyumba waliyofikia ina intaneti ya bure, nikamwona. Amechomwa na jua, anacheka. Kisha akanitumia picha ya ujumbe ulioingia mpakani. Nikasoma mara tatu.

Umepata dakika 300 za kuongea na SMS 20. Intaneti: 0.

Dakika mia tatu za kuongea! Kiziwi!

Yeye kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikucheka. Kuanzia kesho ni kambi za mahema, hakuna intaneti ya mtu.

Nimemwita shemeji. Alitaka kujitetea, kwamba muuzaji kamwambia hiki ndicho kizuri kwa msafiri, akipiga nyumbani hakatwi hela. Akakaa kwenye ngazi, kofia mikononi. Akasema polepole, "Nimefikiria mtu akienda mbali anapiga simu. Sikumfikiria yeye." Hasira zangu zikakosa pa kukaa. Nikamwambia aondoke tu, nisije nikasema neno.

Jumamosi, 15 Machi

Huduma kwa wateja. Nusu saa ya muziki, Kifaranga anachezea waya wa chaja. Kifurushi cha nje hakibadilishwi, wala hakiongezwi kingine, mpaka mwenye laini athibitishe mwenyewe kwa sauti yake. Nikasema mwenye laini ni kiziwi. Dada wa huko akasema sawa, basi asikilize tu maswali, ajibu ndiyo au hapana.

Nikarudia. Kiziwi.

Akaniomba nisubiri, akaenda kumuuliza mkubwa wake. Muziki tena. Kisha laini ikakatika.

Tuna SMS ishirini. Siku zimebaki ishirini. Moja kwa siku, tumekubaliana. Leo: "Mimi sawa. Mlima mkubwa. Mtoto busu."

Jumatatu, 17 Machi

SMS ya leo, naiandika kama ilivyo: "Goti kuvimba. Wao mbele. Mimi polepole nyuma. Kesho kambi daraja, wote kukutana."

Peke yake. Wamemwacha peke yake?

Nikampigia kiongozi. Anaapa mume wangu ndiye aliyekataa kungojwa, kawafukuza kwa mikono yote miwili. Namjua, atakuwa ndivyo alivyofanya. Njia ni moja, kiongozi anasema, haina pa kupotelea. Nikamwuliza, na pembeni ya njia kuna nini? Mteremko, akasema, na mto chini.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna SMS.

Kifaranga ana homa ya meno. Nimeshona mifuko kumi na miwili upande usio wake, nikaifumua yote.

Saa kumi na mbili jioni bado hakuna. Kiongozi: wenzake wote wapo darajani, yeye hajafika. Alfajiri watarudi nyuma kumtafuta.

Simu naiweka mezani. Naigeuza. Naigeuza tena.

Jumatano, 19 Machi

Niko kazini, meza ya kukatia. Naandika nyuma ya karatasi za vipimo, nitabandika baadaye. Naandika ninachosikia nisisahau kumwambia kiongozi.

Saa nne na dakika tano simu imelia. Jina lake. Si video, si SMS. Kupiga. Miaka minne ya ndoa hajawahi kunipigia. Labda kuandika hawezi.

Nimepokea. Upepo. Nikamwita kwa nguvu kama mjinga, cherehani ya jirani ikasimama.

Pumzi. Ni yake. Halafu sauti yake — ile asiyoitoa mbele ya watu kwa sababu shuleni walimcheka. Anayoitoa akiwa na mimi na mtoto tu. Anasema kitu kimoja, anarudia. Sijui ni jina langu au la mtoto au ni maumivu.

Bosi kawanyamazisha wote. Cherehani sita kimya. Kifaranga amelala kwenye rundo la vitambaa, bado wa moto.

Dakika ya sita. Yeye hanisikii lakini anaona kwenye kioo sekunde zinakwenda. Anajua nipo. Nikikata, ataona nimekata.

Dakika ya nane. Bosi kampata kiongozi kwa simu yake mwenyewe, kaiweka mezani, sauti juu. Yuko njiani na mtu mmoja wa kambi, wanatafuta. Ananiuliza mume wangu yuko wapi. Nitajuaje? Anauliza nasikia nini.

Maji. Nasikia maji. Mengi, ya kupiga mawe, karibu naye. Yeye mwenyewe hajui kama yanasikika.

Kiongozi: basi yuko upande wa chini, juu hakuna maji. Wanashuka.

Dakika ya kumi na tatu. Sauti yake imepungua. Pumzi ipo.

Dakika ya kumi na saba. Kwenye simu ya bosi filimbi — kiongozi anapiga, anaita, mwenzake naye anaita. Namwambia ataita mpaka kesho. Anasema mazoea, mama, samahani.

Nyamazeni, nasikia kitu.

Filimbi! Kwenye simu yangu. Inatoka upande wa mume wangu. Mbali, lakini ni ile ile, inafika simu zote mbili. Wako karibu naye na yeye hajui.

Dakika ya kumi na tisa. Imekuwa kubwa. Namwambia kiongozi hapo hapo, endelea.

Dakika ya ishirini. Inafifia. Kwenye simu ya bosi kubwa, kwenye yangu inafifia. Wanampita.

Nimemwambia kiongozi asimame. Rudi, nimemwambia, rudi hatua zote ulizopiga sasa hivi. Piga filimbi nikusikie mimi, si yeye. Yeye mtafuteni kwa macho, nyuma ya kila jiwe, na mkimwona msimshtue kutoka nyuma. Mpungieni kwa mbele.

Bosi kanishika bega. Sikujua nimesimama.

Dakika ya ishirini na mbili. Filimbi inarudi. Kulia kwake au kushoto, simu haisemi. Kubwa kidogo.

Dakika ya ishirini na nne. Kubwa.

Pumzi siisikii. Ni maji yanaifunika au nini. Namwambia kiongozi apige tena. Apige tena.

Sekunde zinakwenda. Sikati.