Kitambaa cha Salome

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Shelui tumeshavuna alizeti, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Unasema hiyo jeli mnayotengeneza kwa pamba huko chuoni, ya kufunika vidonda vya moto, mnaweza kuifanya ngumu au laini mtakavyo. Halafu unaniuliza mimi, bibi yako wa jembe, iwe vipi.

Mdogo wangu Salome alimwagikiwa na uji wa moto akiwa mtoto. Tulimfunga kwa kipande cha khanga, pamba tupu, kikakaukia kidondani. Kila asubuhi mama alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akakilowesha, akakibandua taratibu, na bado kilitoka na ngozi. Salome hakuogopa moto kama alivyoogopa lile beseni.

Kidonda hakikupona. Alipofariki, wanawake waliokuja kumwosha walitaka kukitoa kile kitambaa. Mama akawazuia. "Mwacheni. Mwanangu habanduliwi tena." Tukamzika nacho.

Basi, ugumu na ulaini mtajua wenyewe. Mimi naomba moja tu: mtoto akiliona beseni, asilie.

Ni mimi bibi yako.