Sereima Bado Mwanafunzi

Jumatatu, 6 Julai

Mvua tangu alfajiri. Baada ya chai nimefungua kompyuta ya binti yetu Sereima ili Emori asikilize wimbo wake, kama kila siku. Kabla ya muziki kukatokea ujumbe. Leseni ya programu ya kuandikia muziki inakwisha tarehe ishirini. Ukitaka kuendelea kwa bei ya wanafunzi, thibitisha kwamba bado unasoma. Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Nimeufunga kabla mume wangu hajaketi.

Mwanangu yuko makaburini Nasinu tangu Machi. Moyo ule ule uliomsumbua toka darasa la tatu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza mwaka wa pili wa muziki. Programu haina habari. Kila ikifunguka inaandika juu: Karibu tena, Sereima.

Emori ameketi, amesikiliza, ameenda kazini bandarini. Hakuona kitu.

Jumatano, 8 Julai

Waisale, mdogo wake Emori, kaja na magimbi na furushi la yaqona, ile mizizi ya kinywaji. Emori alikuwa kanisani akifundisha kwaya, basi nikamweleza Waisale habari ya ule ujumbe. Amecheka mpaka kakohoa. Eti shemeji, Suva nzima ni wanafunzi. Fundi wake wa gari, kwa mujibu wa kompyuta, yuko mwaka wa tatu wa udaktari! Bonyeza Ndiyo, ulale.

Halafu akainamia bakuli lake la yaqona. Najua alichokumbuka. Mwaka jana alimwomba Sereima amnunulie kompyuta kwa kadi yake ya chuo, apate punguzo. Sereima akamwambia, "Baba mdogo, ile bei ni ya wanaosoma. Jiandikishe hata somo moja, nitakubebea begi mpaka mlangoni." Waisale alinuna wiki nzima. Halafu akawa anawahadithia watu kilabuni huku akijisifu — mtoto wa kaka yangu hanunuliki.

Ameosha bakuli lake mwenyewe leo. Hajawahi.

Ijumaa, 10 Julai

Nimeenda chuoni baada ya kufundisha vipindi vyangu shuleni. Dawati la msaada wa kompyuta. Kijana mpole, Krishneel, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikusudia kuuliza swali dogo tu: mzazi anaweza kuendelea na programu ya mtoto kwa ajili ya kwaya ya kanisa? Hapana mama, kasema, ni ya mwanafunzi peke yake, wala si ya kanisa. Namba yake ngapi?

Nikaitaja. Naijua kwa kichwa.

Kaangalia. "Hakuna tatizo, mama. Akaunti yake iko hai."

Hai.

Nikamwambia. Mara ya kwanza kulitamka mbele ya mgeni bila kulia. Kavua miwani. Kasema hakuna aliyewaarifu. Kweli — nani angewaarifu? Tulikuwa tunazika. Halafu kageuza skrini kidogo nione, nadhani kwa wema. Masomo manne ya muhula uliopita. Kote ameandikwa amefeli. Hakuhudhuria. Hakuhudhuria. Hakuleta kazi. Hakufika kwenye mtihani.

Mtoto huyu alipokuwa kidato cha nne alifanya mtihani akiwa na dripu mkononi.

Nimeuliza kama inafutika. Inafutika, kasema. Niende dirisha la pili na cheti cha kifo, watamtoa kwa heshima, na alama hizi zitaondolewa. Lakini siku hiyo hiyo akaunti inafungwa, na barua pepe yake, na kila punguzo linalotegemea barua pepe ile. Akasogea karibu. "Au uende nyumbani, mama. Mimi sijasikia kitu."

Dirisha la pili lilikuwa wazi. Hapakuwa na foleni. Nimepita nikaenda zangu.

Jumanne, 14 Julai

Nimemwambia Emori. Yote, pamoja na alama. Kasikiliza akitazama mikono yake.

Kasema tusubiri. Wimbo haujakamilika: ubeti wa mwisho hauna sauti ya besi, na yeye ndiye anaiandika, kila asubuhi, kidogo kidogo. Kwaya itauimba kwenye mashindano ya Agosti. Baada ya hapo tutaenda kusema.

Nikasema basi tununue programu kwa bei ya watu wote, kwa jina lako. Ni ghali, lakini tutabana. Wimbo tutauhamishia huko.

"Si bei, Mama Sere."

"Ni nini basi?"

"Hiyo itaniambia karibu tena, Emori. Mimi nataka ile inayomjua yeye."

Nimeenda kuanua nguo, zilikuwa bado mbichi.

Jumatatu, 20 Julai

Emori amebonyeza Ndiyo. Mimi nilikuwa nakaanga samaki. Kasema tu, ile kazi ya kompyuta nimeshamaliza. Waliomba picha ya kadi ya chuo. Kaipiga juu ya kitambaa cha meza. Kumbe kadi ilikuwa kwenye pochi yake muda wote huu.

Tumekula. Samaki ameungua upande mmoja.

Jumanne, 21 Julai

Nimefundisha vibaya. Sairusi kanakili hesabu za jirani yake, nikamwita mbele. Kasimama anangoja. Nikamrudisha akakae. Darasa zima limenishangaa.

Alhamisi, 30 Julai

Barua pepe kutoka chuoni. Imekuja kwake, kwenye kompyuta yake.

Mpendwa Sereima. Tumeona kwa masikitiko kwamba hukufaulu somo lolote. Unaitwa mbele ya kamati Jumatano tarehe 12 Agosti ueleze kwa nini usiondolewe chuoni. Unaweza kuja na mtu wa kukuunga mkono. Usipofika, uamuzi utatolewa bila wewe.

Nimemsomea Emori kwa sauti. Nilitaka aisikie. Kasema tusijibu, mashindano yamebaki siku chache.

"Watamfukuza," nikasema.

"Ni karatasi tu."

"Karatasi itakayosema alikuwa mvivu."

"Hakuwa mvivu."

"Basi nenda ukawaambie."

"Nikiwaambia wanafunga siku hiyo hiyo. Umesema mwenyewe."

Tumezungumza kwa sauti za chini mpaka mwisho. Ningependelea tungepiga kelele. Amechukua kofia akatoka, na mvua ile.

Jumapili, 9 Agosti

Sijui kama niandike hili.

Emori alienda kanisani mapema. Mimi nimechelewa kwa makusudi. Nimefungua wimbo. Nilitaka kuona besi yake imefika wapi, labda nimsaidie, walau nimwambie ni nzuri.

Hakuna. Ubeti wa mwisho mtupu, kama Sereima alivyouacha. Programu inaonyesha siku ya mabadiliko ya mwisho — Februari. Tangu Februari hakuna aliyegusa hata nukta moja. Asubuhi zote zile alikuwa anasikiliza tu. Na pale katikati ambapo Sereima alirekodi sauti yake akivumisha alto, ili wanakwaya wajue inakwendaje, anaacha kidogo ili akohoe — hapo ndipo Emori anaporudisha nyuma. Ninasikia kutoka jikoni, kila siku. Nilidhani anasikiliza ili ajue cha kuandika.

Kanisani kwaya imefanya mazoezi ya wimbo wa zamani, ule wa mwaka juzi. Nimemuuliza Akanisi wa soprano. Kashangaa. Mwalimu Emori alishatuambia Juni kwamba hatuna wimbo mpya, kasema. Hukujua, dada?

Njiani kurudi nimemshika Emori mkono. Nimemwambia nimefungua. Hakukasirika. Kasema, "Nikiweka besi, wimbo utakuwa umekwisha."

Tumesimama chini ya paa la duka mpaka mvua ikapungua. Baadaye, bila mimi kuuliza, kasema Jumatano ataomba ruhusa kazini.

Jumatano, 12 Agosti

Tuko chuoni. Benchi nje ya chumba cha kamati. Naandika ili mikono ifanye kitu.

Nimebeba cheti cha kifo kwenye mkoba. Emori amevaa sulu ya kanisani, ile shuka rasmi ya kiunoni, na tai. Asubuhi hakufungua kompyuta. Nilimwachia nafasi, nikajifanya nina kazi nje, na bado hakufungua.

Wamekaa vijana sita au saba, kila mmoja na mzazi au rafiki. Kuna binti karibu nami, vidole vyote amevitafuna. Kaniuliza kwa heshima, "Mama, na wa kwenu yuko wapi?"

Nimemjibu, "Hajafika bado."

Imetoka yenyewe. Emori kanitazama. Nilidhani atanisahihisha. Kasogea tu, bega lake likagusa langu.

Binti kaitwa, kaingia, katoka analia huku anacheka. Wamempa muhula mmoja zaidi. Mama yake kampigapiga mgongo, umesikia sasa, umesikia, utasoma sasa? Nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi. Ilinibidi nitazame ukutani.

Mlango umefunguliwa tena. Mama wa makamo, karatasi mkononi, sauti nzuri. Ameita: Sereima Ravouvou.

Hakuna aliyesogea. Ameinua macho akatazama vijana, mmoja mmoja, anamtafuta.

Ameita tena.

Emori amesimama. Amefunga kifungo cha koti. Amesema, "Nipo," na sasa yule mama anatutazama, ameshikilia mlango, na mimi bado sijatoa cheti mkobani.