Maji ya Bamia

Jumapili, 3 Agosti 2025

Na bado nasema, bamia si kinywaji! Ni mboga. Ikae kwenye bakuli pembeni ya ugali, itulie. Lakini Miki wangu kasikia huko gereji kwamba zikilowekwa usiku kucha maji yake yanasaidia wanaotafuta mtoto. Basi kila asubuhi glasi mbili, yake na yangu. Yanavutika kama kamasi. Leo niliziba pua, yeye akanitazama machoni: "Kwa afya yetu, bibi harusi wangu." Mwaka na miezi miwili ya ndoa, na bado ananiita bibi harusi! Nikameza. Kwa macho yale ningemeza hata matope.

Jumanne, 5 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi tulikimbia kutoka hapa Bigwa mpaka lami inapoishia. Baridi ya mlimani inakata masikio. Miki akasimama, akakohoa, akatema kitu cheusi. Miaka kumi ya sigara hiyo! Karaha tupu. Nikamfuta mdomo kwa khanga yangu mpya — ile ya harusi.

Hajavuta tangu mwisho wa Mei, siku Daktari Tumaini alipotuita ofisini. Mimi sina tatizo. Mbegu za Miki ni chache na zinazubaa. Miezi mitatu bila sigara, bila vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, na asikae siku nzima kwenye joto akichomelea mageti. Kisha apimwe tena, tarehe 28 mwezi huu. Daktari hakuahidi kitu. Tulikubaliana hii siri ni yetu watatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Viwanja vyote vinanukia mishkaki, na sisi tunatafuna matango kutoka kwenye mkoba kama sungura! Miki alipita kwenye chipsi ameninyooshea mkono nimshike asije akanunua. Nikamshika kweli. Mwanaume gani mwingine angefanya hivyo?

Asubuhi bamia zilinishinda, nikatapika uani. Judith wa chumba cha pili akapiga kigelegele. "Hongera, shoga!" Nikamwambia ni bamia. Akanitazama kama nimemwibia kitu. Na bado akaweka kiganja tumboni kwangu, akapapasa. Kiganja kina shombo la dagaa. Nimeoga mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Mjomba Mansuri kateremsha dawa kwa gari la Kinole, kijijini kwetu mlimani, chupa ya soda imejaa kitu cha kijani. Inanuka mbuzi aliyelowa mvua. Akapiga simu: ninywe kutwa mara tatu, tumbo lifunguke. Ameshasema mpaka kwa majirani zake kwamba tumbo langu limefungwa. Nikachoka. Nikamwambia, "Mjomba, mimi nilipimwa. Mimi mzima."

Mjomba akaguna: "Aaa. Kumbe."

Ee Mungu wangu. Nimefanya nini?

Chupa nimeimwaga chooni. Ulimi wangu je, niumwage wapi? Miki kaja na ua la njano, kalichuma njiani. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 17 Agosti

Leo naandika, si kwa huzuni. Kwa kinyaa!

Mjomba kapiga tena. Anaongea kwa upole kabisa, kama anauza ndizi. Mama alinizaa mimi peke yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba la Kinole linapita kwa wanawake. Nisipozaa, nyumba ya mama imefungwa. Hayo nayajua tangu utoto. Ila leo akaongeza: "Sasa mpwangu, baba wa mtoto ni nani, hilo kwetu si neno kubwa. Mtoto ni wetu tu. Huyo fundi wako ni kijana mzuri, lakini ndiyo hivyo. Kuna Hamza hapa. Kafiwa na mke. Watoto watano, wote wazima!"

Wote wazima! Ndivyo anavyomsifia beberu wake anapomwazimisha kwa majirani. Maneno yale yale!

Nikasema tunasubiri majibu ya tarehe 28. Akacheka. "Majibu ya nini tena? Panda huku Kinole kabla mwezi haujaisha. Peke yako."

Nikakata simu. Nimepiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Bamia ni asali kwa haya.

Jumatatu, 18 Agosti

Miki hajui kitu. Kaamka anaimba. Tumerudi kukimbia, na leo hakusimama hata mara moja! Hakukohoa! Kanibeba mgongoni mpaka mlangoni, mimi na jasho langu, Judith anatuchungulia. Nikasema moyoni, sasa namwambia. Tukimaliza glasi zetu namwambia.

Simu ikalia mezani. Jina la mjomba. Nilikuwa na glasi mdomoni, utelezi umefika kooni, siwezi kumeza wala kutema. Miki akaiwahi.

"Shikamoo mjomba!... Yupo, anakunywa dawa yake, haha!... Kuja huko? Mbona vizuri! Mapafu yangu sasa hivi mapya kabisa, mlima huo naupanda kwa miguu." Akaniangalia, akanikonyeza, anang'aa uso mzima. "Hapana mjomba, peke yake hapana, huyu bibi harusi simwachi. Tukitoka hospitali tarehe 28 tunaunganisha moja kwa moja. Kabla mwezi haujaisha tuko hapo wote wawili, naahidi."