Ufunguo wa Chumba cha Juu

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mgongo na mimi hatusalimiani siku hizi. Unakula lakini?

Jana pasi iliunguza robota la kitambaa hapa kiwandani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kama kawaida, eti tusiibe vipande, na Bwana Funguo, msimamizi wetu, alikuwa ameenda kunywa chai na ufunguo mfukoni. Tuligonga dakika kumi na saba. Moto tuliuzima kwa maji yetu ya kunywa.

Nimechoka, mwanangu. Nimenunua daftari. Kila siku naandika saa mlango unapofungwa na ufunguo uko wapi. Wewe ni mchapaji wa kamati ya kanuni za kazi: niambie, mshona nguo anaweza kuomba kanuni mpya?

Mama yako


12 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, na ninakula, acha maneno yako.

Anaweza. Andikeni ombi, ambatanisheni daftari, na wenzako watie sahihi. Kila mtu aweke na namba ya cherehani yake, maana majina matupu hapa hutupwa kapuni, wanasema ni ya kubuni. Ila taratibu, mama. Usijitangaze.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Tulifika arobaini na mmoja! Mama Mapacha, wa cherehani ya jirani yangu, alisita mpaka nikamshikia karatasi. Na tumeandikiwa kwamba daftari langu limesomwa kwa sauti mbele ya kamati. Nililia kama mtoto.

Lakini kuna jambo. Jumatatu Bwana Funguo alipita na karatasi, akizisoma namba za cherehani moja moja, kwa upole. Hajawahi kuwa mpole yule. Sisi tuliotia sahihi wote tumehamishiwa chumba cha juu, kilichokuwa stoo ya sponji. Madirisha yana nondo. Mlango ni mmoja.

Orodha ile aliipata wapi?

Mama yako


16 Aprili

Mama, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Ombi likipokelewa, nakala hupelekwa kwa mwajiri ili ajibu. Ndiyo utaratibu. Nakala ile niliigonga muhuri mimi mwenyewe, orodha ikiwa nyuma yake. Nilifurahi tu kuona sahihi yako, wala sikufikiri. Nisamehe, mama.

Kanuni imepita jana. "Mlango wa chumba cha kazi usifungwe kwa nje wakati kuna mtu ndani." Ni maneno yako, hawakugusa hata nukta. Lakini inaanza kutumika tarehe mosi Juni. Nakupigia magoti, usiende kazini mpaka siku hiyo. Sema unaumwa.

Mwanao


24 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Usijilaumu. Sahihi niliitia kwa mkono wangu.

Nikikaa nyumbani, wale arobaini watasema nimewaponza kisha nikakimbia. Na daftari jipya ataandika nani? Sasa Bwana Funguo anafunga kwa kufuli mbili, na chai anaenda kunywea mbali zaidi. Sponji bado zimejaa nusu ya chumba. Mama Mapacha tumemweka karibu na mlango kwa kuwa ana sauti kubwa. Naogopa, sikufichi, lakini ni wiki tano tu.

Nimekushonea sketi ya bluu, naituma kesho. Kiuno nimekibana, najua huli.

Mama yako


2 Mei

Mama, shikamoo.

Hujambo huko? Sketi imefika jana na kiuno kimenikaa sawasawa, umeshinda. Nimeivaa leo kazini ili nikuandikie sifa zake.

Asubuhi nimekuta kamati nzima imeshaingia, kabla hata ofisi hazijafunguliwa. Wameniambia nichape upya ile kanuni: palipoandikwa tarehe mosi Juni, niweke leo. Nimechapa. Nimepiga simu kiwandani kwenu, inaita tu.

Nikamuuliza mkubwa wangu kwa nini. Miaka sita hajawahi kuniita chochote ila mchapaji. Amenivutia kiti, akasema, "Kaa kwanza, mwanangu."

Sijakaa, mama. Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nijibu.

Mwanao