Rangi ya Kucha kwenye Pampu

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kazi inakwenda, na wifi yangu mtarajiwa hajambo. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepunguza kuuma, au yeye amechoka kulisema, sijui. Baba naye yupo. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Nimekaa kwenye benchi la gereji nakuandikia, naandika mstari mmoja, nasimama, nalizunguka lori, narudi kukaa. Usishtuke, hakuna msiba. Kuna jambo tu, na nisipolieleza kwa mpangilio wake utanielewa vibaya.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema ulimpigia Baba simu kumwomba baraka za ndoa, akakujibu kwamba huku mvua bado, akakata. Ukapiga tena, akasema haya, wasalimie watu wa huko, akakata. Ukasema sasa umeelewa, kwamba hajakusamehe tangu ulipoacha usukani wa lori ukaenda kutafuta maisha yako, na kwamba utaoa bila yeye, na nyumbani hutakanyaga tena. Kaka, niliposoma hayo nilipandwa na hasira mpaka nikaangusha chai. Nikamwendea Mama, naye badala ya kunipoza akanimwagia petroli: eti baba yako kiburi kimemzidi, siku hizi hata mke wake akimwongelesha anageukia ukutani. Basi nikaamua na mimi nitamnunia. Shika hapo hapo, nitarudi.

Maana wakati huo huo tulikuwa na kazi ya Shangazi. Nani asiyemjua? Lori gani jingine lina kelele kama dada wa baba, lakini siku ya shida liko mlangoni? Sasa siku hizi magari makuukuu yote lazima yapimwe moshi, na lisilopita halirudi barabarani. Baba akaniambia nimwandalie Shangazi. Akataka apande kilima cha machimboni na mzigo wa mchanga bila kupitwa na baiskeli, dizeli isiliwe ovyo, na moshi usionekane. Nikamwambia mshika mawili moja humponyoka, je, wewe uliyeshika matatu? Alinitazama mdomoni, kisha akacheka, lakini alichelewa kidogo. Nilidhani bado tumenuniana.

Jirani yangu wa gereji, yule tunayemwita Fundi Mkato, akanipa ushauri wa bure. Akasema siku ya kipimo nibane dizeli kwenye pampu, lori lipite likiwa hoi, nikirudi niifungue kama ilivyokuwa. Ndivyo wanavyofanya wengi, hata sisemi uongo. Mimi nikakataa. Lori ukilipitisha kwa njaa, kesho yake litakula kwa hasira, na mlimani huna kitu. Nikataka Shangazi apite akiwa ameshiba.

Nikaanza na hewa, kwa sababu moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Filta ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Mpira unaotoka kwenye filta ulikuwa na ufa, nikaubadilisha. Nikashusha nozeli zinazorushia dizeli ndani ya injini, nikazipima moja moja. Mbili zilikuwa zinatema mate badala ya kunyunyiza. Nikarekebisha tapeti za valvu, nikarudisha taimingi mahali pake, na mwisho kabisa ndipo nikagusa skrubu ya pampu inayopimia dizeli, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Nikampakia mchanga, nikampeleka kilimani. Kaka, alipanda kwa gia ya tatu pale ambapo wewe na Baba mlikuwa mnalia na gia ya pili! Nyuma moshi mwembamba tu. Nikarudi naimba peke yangu.

Kesho yake Baba akamwasha, moshi mweusi tii ukaenda moja kwa moja kwenye nguo za Mama kambani. Aliyoyasema Mama siwezi kuyaandika. Nikaipima pampu upya, nikakuta dizeli imefunguliwa. Nikairudisha. Baada ya siku mbili hivi, yale yale. Nikamshuku Fundi Mkato kwamba ananifanyia fitina, nikamwendea na spana mkononi, na tungepigana kama asingeapa kwa mama yake mzazi. Nikaanza kuishuku mikono yangu. Chakula hakishuki, usingizi wa mang'amung'amu, na siku ya kipimo ndiyo hiyo inakuja. Shangazi akifeli tutakula nini, sisi na huyo kiburi wetu?

Ndipo nikachukua ile rangi nyekundu ya kucha aliyonitumia wifi. Aniwie radhi, kucha zangu mimi ni za grisi. Nikaipaka kwenye kichwa cha skrubu ikashika na pampu, nikaiacha ikauke. Mtu akiigeuza skrubu lazima rangi ipasuke. Asubuhi nikaikuta imepasuka. Nikairudisha skrubu, nikapaka tena, na asubuhi iliyofuata nikawahi.

Nilimkuta Baba. Ameinama juu ya injini, spana mkononi, anafungua dizeli. Damu ikanichemka. Injini ilikuwa imezimwa, uwanja mzima kimya. Nikaita Baba. Hakujibu. Nikaita tena kwa sauti ya kuuzia samaki. Wapi! Nikasema leo kiburi chake nitakivunja, nikachukua spana kubwa kuliko zote nikaibamiza sakafuni nyuma yake. Paka wa jirani aliruka ukuta. Baba hakugeuka. Kaka, hakushtuka hata bega. Aliendelea kugeuza skrubu yake taratibu.

Nilipomgusa ndipo akaruka. Akanitazama, akaitazama spana iliyo chini, akajua kwamba nimejua. Akakaa juu ya tairi. Akaniambia sikio la kushoto lilikwenda zamani, la upande wa injini, na la kulia sasa linalifuata. Akasema mimi nilipomaliza kazi, yeye aliwasha akaona Shangazi amenyamaza, akadhani nimemkaba, ndiyo maana akawa anamfungulia dizeli mpaka asikie walau ngurumo. Zaidi ya miaka thelathini amelitengeneza lori lile kwa sikio, sasa angefanyaje? Akaniapisha nisimwambie Mama, na hasa hasa nisikuambie wewe. Alisema ukijua utaacha kazi yako urudi kushika usukani kwa huruma, na yeye hataki kukurudisha ulikotoka. Nikaapa. Wakati naapa nilijua kabisa kwamba nitakuandikia.

Kipimo kilikuwa jana. Usukani nilishika mimi, Baba akakaa upande wa utingo. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani asiyecheka na mtu, akachomeka bomba lake kwenye ekzosi, akaniamuru nikanyage mafuta mpaka chini, niachie, nikanyage tena. Nikamshika Baba mkono, nikauweka juu ya kile kifuniko cha injini kilicho katikati ya viti. Akafumba macho. Nilipokanyaga, akaniambia kumbe yupo, kumbe hukumkaba. Akaacha kiganja chake pale hadi mwisho. Shangazi kapita, kaka. Kapita akiwa ameshiba! Tuliporudi, kilimani akawa ananigusa bega kila injini ilipohitaji gia nyingine, na hakukosea. Akasema usukani ubaki kwangu. Mtu asiyesikia honi hana biashara barabarani, hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema akitazama nje dirishani.

Sasa umeelewa? Mimi akinijibu ananisoma mdomo. Simu haina mdomo. Anasikia kitu kama nyuki kwenye kopo, anakisia, na kwa kuwa watu wa mbali huulizia mvua, anakujibu mvua, kisha anakata kabla hujamgundua. Hakukunyima baraka, kaka. Hakuzisikia ukiziomba. Na Mama anayemsema kiburi, sijui nitamwanzia wapi.

Nimevunja kiapo, na akigundua nitakiona cha mtema kuni. Potelea mbali. Ila nakuomba, usirudi kwa huruma, maana hiyo ndiyo itakayomuua. Usimpigie tena simu. Mwandikie. Macho yake bado yanaona hata sisimizi.

Hapa nilipofika Baba ameingia gerejini kutafuta kofia yake, akaniuliza namwandikia nani. Nimegeuza uso nikamwambia polepole kwamba ni wewe. Amefurahi, kaka, ungemwona. Amesema nikusalimie sana, halafu nikuulize, kijana mzima kama wewe, mbona hata siku moja hujamtajia habari ya kuoa, au unangoja yeye afe ndipo ulete mke?

Msalimie sana wifi, mwambie rangi yake ilifanya kazi nzuri. Fundi Mkato naye anakusalimu, tumeshapatana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Spana