Neno la Siri la Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Nimemaliza kadi ya harusi ya watu wa Mautuma. Bibi harusi amebadilisha rangi tena. Mvua kuanzia saa nane, kama kawaida.

Nimeweka picha za binti yetu Nekesa za gwaride la shule kwenye folda ya pamoja. Sijamaliza chai, Mama mkwe ameshazifungua kule kwake. Nimemwona dirishani akicheka peke yake. Hii ndiyo raha ya kuunganisha kompyuta za nyumba zote mbili. Bibi anamwona mjukuu, nami sikanyagi kwake. Mkwe haingii kwa mama mkwe. Yeye naye alikataa kulala chini ya paa langu alipotoka Chekalini baada ya kumzika mzee wake. Nikampa chumba cha nje ng'ambo ya ua, kilichokuwa stoo.

Jumamosi ni ibada ya kumkumbuka mzee. Mama mkwe alimrekodi siku zake za mwisho, akiwataja wajukuu mmoja mmoja na kuwabariki. Watasikilizishwa.

Jumanne, 6 Mei

Kioo cha kompyuta ya Mama kimekufa. Cheusi tititi. Mashine yenyewe inanguruma. Betri ilishakufa zamani, inaishi kwa stima tu. Fundi wa mjini kaniambia kwa simu: usiizime, ikizimika huenda isiwake tena.

Sauti ya mzee imo humo. Hakuna nakala popote.

Naweza kuivuta kwa mtandao, ila folda yake ya binafsi niliifunga mimi mwenyewe. Niliona aibu mkwe kupekua vitu vya mama mkwe. Nikamwelekeza mke wangu Nanjala nikiwa nje, Mama akaandika neno lake la siri. Heshima hiyo sasa imenifungia nje.

Nimesimama mlangoni kwangu, yeye kwake, ua katikati. Nimemwomba neno. "Siwezi kukutajia, Baba Nekesa." Akafunga mlango.

Jioni Nanjala ameenda kumsihi. Ametoka mikono mitupu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeamka na hasira. Nimejaribu jina la mzee. Jina la Nekesa. Chekalini. Yote yamekataa. Nikajua haniamini. Miaka yote hii, bado mimi ni mtu wa nje. Imeniuma sana.

Mchana radi zikaanza upande wa msitu. Taa zikayumba. Kakamega mvua ikija na radi, stima haikai. Nikaona Jumamosi imeharibika.

Ndipo ujumbe wa Nanjala ukaingia kutoka kazini Butali. Mama amempigia baada ya kusikia radi. Neno ni simiyumwanangu. Herufi ndogo, bila nafasi. Alikuwa anaona haya.

Simiyu ni mimi. Tangu nimwoe bintiye hajawahi kunitaja jina, si desturi. Ananiitanga Baba Nekesa. Kabla ya Nekesa kuzaliwa nilikuwa "huyo wa Nanjala".

Nimeliandika. Folda ikafunguka. Nimevuta zile sauti tu, nyingine zote sikugusa. Stima ilipopotea nilikuwa nimeshamaliza.

Nimelia kidogo. Hasira ya asubuhi sijui ilikwenda wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine ya Mama haikuwaka tena. Fundi alisema kweli.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama. Nashukuru hata ule waya wa kompyuta niliouvuta juu ya ua, jirani akanicheka.

Jumamosi, 10 Mei

Ibada imekwisha. Mzee amewabariki wote, na kikohozi chake kile kile. Nekesa alipotajwa alimwitikia babu yake, "Naam, Kuka." Watu wakacheka. Mama alikaa na wanawake, amenipa mgongo kama inavyopasa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jioni nimemwekea kompyuta yangu ya zamani mlangoni kwake. Nikamtuma Nanjala amwambie achague neno jipya, maana la zamani nalijua. Jibu limerudi: abadilishe kwa nini, kwani mtu mwenyewe amebadilika?

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Tangu hapo hakuna aliyeniita mwanangu.

Mvua imekatika. Nimeweka picha za leo kwenye folda ya pamoja. Dirishani kwake naona ameshazifungua.