Kadi Uliyoiacha Wazi

Kimeu wakwa, mwanangu,

Huku Migwani tuko wazima, na mvua imetukumbuka kidogo. Kompyuta ya duka langu imekuwa gumzo la soko! Herufi zilizokuwa na meno kama msumeno zimenyooka zote, ukiandika barua ama ukiingia kwa intaneti. Fundi wa hapa alitengeneza programu moja tu, zingine zikabaki vilevile. Wewe ulitengeneza kompyuta nzima kwa alasiri moja. Mama Kathini wa kanisani alisoma ratiba ya ibada bila miwani, akasema, "Nzilani, huyo ulimzaa na akili za watu wawili!" Nikamjibu, "Na bado hajaoa, leteni wasichana!"

Alipoondoka nikaona kadi uliyofungua ukijaribu hizo herufi, ukasahau kuifunga. Ni kadi ya harusi yako. Kwa zile herufi za zamani ningesema nimesoma vibaya. Lakini inasomeka vizuri kabisa: mama wa bwana harusi ni Yvonne, mke mdogo wa baba yako huko Kambu. Kumbe hata mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, walipelekwa kwa wakwe yeye akiwa amesimama mahali pangu.

Ni kwa sababu niliachia shule darasa la sita? Karo yako haikuuliza nimesoma wapi.

Kadi sijaifuta. Nitakuja, mwanangu, na kitenge kipya nimeshashona. Niambie tu, mlangoni wakiniuliza mimi ni nani, nijibu nini?

Ni mimi niliyekuzaa,
Nzilani